Mtambo Uliowahutubia Tembo

Anayewajibika ni Mkuu wa Kitengo cha Mitambo katika ofisi niliyostaafia. Nimeliweka hilo katika mstari wa kwanza ili asitokee msomaji wa kusema baadaye kwamba alichoka kusoma kabla hajamfikia mkosaji. Jina lake siliandiki, kwa kuwa adabu ya utumishi haikunitoka siku nilipokabidhi funguo. Hata hivyo cheo chake kinajulikana, kiti chake kinajulikana, na mwenyewe anajijua. Anayemfuatia ni mkandarasi aliyetuuzia mitambo. Marwa, mlinzi wa mashamba, hahusiki kwa lolote, ingawa katika taarifa rasmi ni yeye pekee aliyeandikwa kuwa mzembe.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia katika kazi ya vifaa vyenye maikrokontrola, zile kompyuta ndogo za ndani ya mitambo. Mnajua mengi ambayo sisi hatukuyajua tulipokuwa na umri wenu, na programu mnaziandika mkiwa mmelala chali. Lakini nimewaona mkifanya majaribio, na nimesikitika, maana mnajaribu kama tulivyojaribu sisi: kwa kumridhisha aliyesimama nyuma yenu.

Kijiji ninachokisema kiko Tarime, upande ule ambao shamba la mtu likiisha ndipo hifadhi inapoanza. Tembo huvuka mto, huingia kwenye ulezi na mahindi, na wakitoka hakuna haja ya kuvuna. Tangu zamani kinga ilikuwa yowe. Anayewaona hupiga yowe, na kila mwenye miguu anayelisikia hutoka na alichonacho, awe na debe, fimbo au tochi, akaelekea lilikotoka. Hilo kwetu si hiari. Anayeona hatari akakaa kimya huitwa mbele ya ritongo, yaani mkutano wa jadi unaoongozwa na wazee, na akionekana ana hatia, siku yowe litakapotoka nyumbani kwake hakuna atakayetoka. Msiidharau adhabu hiyo. Mtu aliyefikia hapo anaishi katikati ya majirani kama anayeishi porini peke yake.

Ofisi yetu ikaamua kuleta maendeleo. Likasimikwa sanduku la chuma juu ya nguzo, likapewa sola, betri, spika mbili, na waya uliopita mpakani mwa mashamba. Tembo akiuvuta waya, sanduku linaamka na kupiga yowe. Yowe lenyewe lilirekodiwa kutoka kwa Mama Bhoke, mkulima wa hapo kijijini, mwenye sauti ambayo upepo ukiwa mzuri nadhani ingefika Susuni nilikozaliwa mimi. Likahifadhiwa katika memori ya flashi, kijenzi kidogo kuliko ukucha, kinachokaa pembeni ya maikrokontrola na kuzungumza nayo kwa njia chache nyembamba za shaba. Wanakijiji wakatangaziwa kwamba madebe sasa yapumzike. Marwa, aliyekuwa akilinda kwa debe na koo lake, akapewa fulana yenye nembo na agizo la kukaa kibandani auache mtambo ufanye kazi.

Mpaka hapo hapakuwa na ubaya. Ubaya ulianza na itifaki.

Mkuu wa Kitengo alitaka siku ya uzinduzi mtambo wenyewe umkaribishe mgeni rasmi. Akajifungia ofisini, akarekodi hotuba. Sauti ndani ya memori zikawa mbili, hotuba na yowe. Mwandishi wa programu alipendekeza yowe liwe namba sifuri, kwa kuwa ndilo kazi ya mtambo. Mkuu akauliza, nami nikiwapo mezani, "Kwa hiyo hotuba ya ofisi itoke nyuma ya kelele za mama mmoja?" Mwandishi akageuza namba. Hotuba ikawa namba sifuri, yowe likawa namba moja. Na ndani ya programu kulikuwa na agizo dogo, la kawaida kabisa: maikrokontrola ikishindwa kusoma kwenye memori ni sauti ipi inayotakiwa, icheze namba sifuri. Likumbukeni agizo hilo.

Kabla sijaendelea, lazima niwatajie aliyenifundisha. Msimamizi wangu wa kwanza karakana alikuwa Mama Gati, mwanamke mfupi, mwenye koti jeupe lenye matundu ya kulehemu, ambaye hakuwahi kumwamini fundi aliyerudi kutoka safari akiwa na furaha. Enzi hizo tulikuwa na redio za mawasiliano, na redio ya zahanati moja upande wa Kenyamonta ilikuwa ikifa kila asubuhi. Fundi akitumwa, anafika jua likiwa kichwani, anaiwasha, inaitika, anaandika kwamba iko salama, anakunywa maziwa aliyokaribishwa, anarudi. Akatumwa mwingine, naye akarudi na furaha ileile. Mama Gati mwenyewe alikwishabadilisha betri nzima zisizo na kosa lolote, jambo alilolisimulia maisha yake yote huku akijicheka. Mwishowe alikwenda akalala hukohuko, akaamka kukiwa bado na ukungu, akaona umande umeingia kwenye kiungo cha antena. Jua likipanda, kiungo kinakauka, redio inapona, na hapo ndipo fundi anafika.

"Tulikuwa tunatengeneza redio ya mchana," aliniambia. "Ile ya asubuhi, inayougua, hakuna aliyewahi kukutana nayo."

Kisha akanipa somo ambalo ningependa mlichore ukutani: usiuulize mtambo kama unafanya kazi, uulize ulikuwa katika hali gani kabla hujaugusa.

Somo hilo ni gumu kwetu kuliko kwa watu wengine, na nitasema kwa nini. Sisi tumelelewa na mashine za kusaga za dizeli. Kule Susuni hakuna aliyetegemea injini iitike kwa mzungusho wa kwanza. Wa kwanza ulikuwa wa kuipasha. Wa pili ndio uliohesabiwa. Tabia hiyo tukaihamishia kwenye redio, tukaipeleka kwenye kompyuta, na leo namwona kijana aliyezaliwa simu zikiwapo akibonyeza kitufe, kikikataa anabonyeza tena, kikikubali anasema kiko sawa. Utumishi nao ukaongeza lake. Kabla mgeni rasmi hajafika, kila kitu hufanyiwa mazoezi. Bomba hufunguliwa mapema ili hewa itoke. Nimewahi kushuhudia utepe ukikatwa kwa mazoezi, kisha ukafungwa tena kwa fundo, na mgeni akaombwa akate pembeni ya fundo.

Mtambo wetu ulizinduliwa kwa namna hiyohiyo. Asubuhi mafundi waliujaribu, wakaujaribu tena, na mgeni alipovuta waya, kila kitu kilitoka kwa mpangilio ulioagizwa kwa siku ile, hotuba kwanza, kisha yowe. Watu wakapiga makofi. Mama Bhoke alipiga vigelegele kwa kujisikia mwenyewe.

Ulezi ulipoiva, tembo walivuta waya bila kufanya mazoezi.

Kilichotokea nilikisikia kwa Marwa, kibandani kwake, nilipotumwa na ofisi kwenda "kuthibitisha". Hiyo ilikuwa safari yangu ya mwisho ya kazi kabla ya kustaafu. Aliniamkia kwa sauti ya mtu aliyekwishahukumiwa, akiniita tata, yaani baba.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Nieleze ulichosikia. Sitaki ulichoshauriwa useme."

"Nilisikia hotuba."

"Hotuba ipi?"

"Ile ya uzinduzi. 'Kwa heshima kubwa na taadhima.' Nikasema mgeni rasmi amerudi, mbona hatukuambiwa? Nikatoka na tochi, nikaona masikio. Nikapiga yowe mpaka koo likakauka, tata. Lakini mimi nina mdomo mmoja, sanduku lina spika mbili."

Mama Bhoke, ambaye shamba lake ndilo lililoanza kuliwa, alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni. Hakuwa amekuja kumtetea.

"Mimi niliisikia hiyo hotuba nikiwa kitandani," alisema. "Nikasema, hawa watu wa mradi hawalali? Nikajifunika. Sikusikia yowe lolote la Marwa. Yowe nililolitegemea ni la kwangu mwenyewe, ambalo wameliweka ndani ya sanduku, halafu wakaweka bwana mkubwa mbele yake azungumze."

"Ulijifunika, na bado unanilaumu mimi," Marwa alisema.

"Nakulaumu kwa sababu wewe ulivaa fulana."

Mafundi wa mkandarasi walikuwa wamekwishafika kabla yangu. Walifungua sanduku, wakachomoa betri kwa usalama kama kitabu kinavyoelekeza, wakaangalia, wakarudisha betri, wakavuta waya. Yowe likatoka safi. Wakaandika kwamba mtambo ni mzima, na kwamba huenda mlinzi alilala, au aliuchezea, na sasa anatunga habari za hotuba. Mkuu wa Kitengo akatia saini akiwa palepale ofisini. Nakala ya taarifa ilipelekwa kijijini, ikasomwa hadharani, na ritongo likaitishwa kumhusu Marwa.

Nilipewa Ouma, fundi wa mkandarasi, kijana wa Sirari, mwenye kompyuta mpakato iliyobandikwa stika mpaka rangi yake haijulikani. Sina neno baya juu yake, isipokuwa mikono yake ilikuwa na haraka.

"Mzee, hii kitu iko sawa kabisa," alisema. "Hebu nikuonyeshe."

"Usiiguse."

"Nivute tu waya mara moja, uskie."

"Kijana, mura, nimesema usiiguse. Lini mara ya mwisho ilivutwa?"

"Jana jioni, tulikuja tukatesti."

"Mlivuta mara ngapi?"

Akacheka. "Si unajua ya kwanza ni ya kupasha moto."

"Na hiyo ya kwanza ilitoa nini?"

Akajikuna shingoni. Hakukumbuka, kwa kuwa alikuwa amechomoa betri na kuirudisha, na hapo hata ya kwanza hutoka vizuri. Siku nyingine alizojaribu bila kuchomoa betri, ya kwanza ilitoa "kelele fulani" ambayo hakuisikiliza. Ya kwanza haihesabiwi.

Hapo niliisikia sauti ya Mama Gati kichwani, na nikajua tunatengeneza redio ya mchana.

Tulichofanya ni hiki, nanyi mkifuate. Jioni tulifungua sanduku bila kuchomoa chochote. Tukabana vidole vya kifaa cha kunasa mawimbi kwenye njia zinazotoka maikrokontrola kwenda memori: njia ya saa, njia ya maswali, njia ya majibu, na ile ya kuichagua memori. Tukakiagiza kifaa kinase kila kitakachopita kuanzia mpigo wa kwanza kabisa. Tukafunga sanduku, tukaondoka, tukaliacha lilale usingizi wake wa kweli. Ouma alitaka sana kuvuta waya mara moja tu, kuhakikisha kifaa kinanasa. Nilimshika mkono. Tulikihakiki kwenye sanduku la akiba ndani ya gari.

Kulipopambazuka wazee wa ritongo walikuwa wamekwishakuja na vigoda vyao, wamekaa pembeni ya mabua ya Mama Bhoke. Simu ya Ouma ikaita. Alisikiliza, akaniita pembeni.

"Ni bosi wako. Amesema tuijaribu kwanza kabla wazee hawajakaa. Ati tusiaibike."

"Tutaaibika, Ouma. Hiyo ndiyo kazi iliyotuleta."

Nilimwomba Mzee Chacha, aliyekuwa anaongoza ritongo, auvute waya yeye mwenyewe. Akainuka, akauvuta kama anayevuta ndama mkaidi. Sanduku likakoroma kidogo, kisha ikatoka sauti niliyoifanyia kazi miaka mingi:

"Ndugu wananchi, kwa heshima kubwa na taadhima, nachukua fursa hii adhimu kuwakaribisha nyote katika sherehe hii fupi. Karibuni sana, jisikieni mko nyumbani."

Watu walitazamana. Mama Bhoke ndiye aliyesema kwanza.

"Ndivyo walivyoambiwa. Wakajisikia wako nyumbani. Wakala."

Kicheko kilichopasuka hapo sikuwahi kukisikia katika mkutano wowote wa hadhara nilioudhuria kwa posho. Hata Marwa alicheka, kisha akakumbuka alichoitiwa, akaacha.

"Sasa vuta tena, mzee," nilisema.

Mzee Chacha akavuta tena, na mara hii likatoka yowe la Mama Bhoke, zima, kali, la kusimamisha nywele. Nikiri kwamba jambo lililofuata sikulipanga. Ng'ambo ya bonde, watu waliokuwa mashambani na wasiojua habari za jaribio letu waliacha majembe wakaanza kukimbia kuja kwetu. Wanawake kwa wanaume, wengine na panga, mmoja na sufuria. Walifika wakihema, wakauliza, "Wako wapi?" Hapakuwa na tembo. Palikuwa na sanduku. Kila mzee aliyekuwa pale alielewa, bila mimi kufungua mdomo, kwamba laiti sanduku lingepiga yowe lililoagizwa, watu wangekuja, na Marwa asingebaki peke yake na tochi.

Sasa niwaeleze kifaa kilinasa nini, na nitatumia lugha ya ofisi kwa sababu ndiyo ninayoimudu.

Fikirieni memori ya flashi kuwa karani wa masjala. Anatunza mafaili yote, hapotezi hata moja, lakini ana mwendo wake. Maikrokontrola ni bosi mwenye haraka. Ili kuokoa betri, bosi akikaa muda mrefu bila kazi humruhusu karani alale usingizi mzito, naye bosi akalala. Waya ukivutwa, bosi huamka, humwamsha karani, husubiri kidogo, kisha huagiza faili. Muda huo wa kusubiri umeandikwa katika datashiti, karatasi ya maelezo ya kila memori, na hutofautiana. Memori iliyoidhinishwa katika michoro yetu ilikuwa ya kuamka haraka, ndani ya mikrosekunde chache. Mkandarasi alilehemu nyingine, aliyoieleza katika kikao kuwa "inafanana nayo". Inafanana kwa miguu, inafanana kwa ukubwa, ila huamka kwa muda mrefu zaidi, mara kadhaa ya ile ya kwanza. Bosi hakuambiwa kwamba karani amebadilishwa. Akaamsha, akahesabu muda aliouzoea, akauliza, "Sauti ipi?" Karani alikuwa bado anafikicha macho. Njia ya majibu ilibaki juu tu, yaani tarakimu moja tupu mfululizo, jambo ambalo kwa bosi si namba ya sauti yoyote. Akashindwa kusoma, na aliyeshindwa kusoma, kwa mujibu wa itifaki, hucheza namba sifuri. Karani alipopata fahamu, agizo lililokuwa mezani lilikuwa la hotuba. Akaitoa kwa ukamilifu.

Ukivuta tena palepale, karani yuko macho, hana haja ya kuamshwa, anajibu vizuri. Ukichomoa betri na kuirudisha, memori huwaka ikiwa macho, kwa hiyo anajibu vizuri pia. Ndiyo maana kila fundi aliyefika alikuta mtambo mzima: kitendo chake cha kwanza cha uangalifu kilikuwa kufuta ugonjwa aliotumwa kuutafuta. Na kila mgeni rasmi alikuta mtambo mzima kwa sababu tulikuwa tumemwamshia karani. Aliyewahi kuukuta mtambo katika hali yake halisi ni tembo peke yake, na tembo haandiki taarifa.

Ouma alipouona mchoro kwenye skrini, alipendekeza tupunguze kasi ya saa ya maikrokontrola. "Itaponya, mzee. Mimi hufanya hivyo kila mara."

"Itaponya nini?"

"Shida."

"Shida ipi?"

Ni kweli ingepona, maana saa ikienda polepole, muda wa kusubiri nao hurefuka kwa bahati. Nanyi mtakutana na ushauri huo kila mahali. Kupunguza kasi ni njia nzuri ya kutambua kwamba tatizo ni la muda. Ni njia mbovu ya kulimaliza, kwa kuwa siku atakapokuja mwingine akaongeza kasi, ugonjwa utarudi na hakuna atakayejua umetoka wapi. Tengenezeni hivi: subirini muda mrefu kuliko unaodaiwa na memori mliyolehemu, si ile mliyoichora. Kisha msiamini kusubiri peke yake. Iulizeni memori utambulisho wake, na kama jibu si lile linalotarajiwa, subirini tena, ulizeni tena, kabla ya kuagiza chochote. Na la mwisho, chagueni kwa busara kitakachotokea mambo yakishindikana. Kifaa cha hatari kikichanganyikiwa, kipige yowe. Yowe la bure huwachosha watu waliokimbia. Hotuba ya bure tumeona gharama yake.

Tulirekebisha mawili ya kwanza siku ileile. La tatu lilihitaji kibali, nikalipeleka ofisini. Mkuu alisoma, akaniuliza, "Mzee, si umesema sasa inasoma namba vizuri? Basi hotuba inadhuru nini ikibaki hapo?" Mpaka naandika, hotuba imebaki hapo.

Lakini nawaandikia kwa sababu ya Marwa, na habari yake haikuishia pale kwenye kicheko. Baada ya jaribio nilidhani mambo yamekwisha. Nilimwambia Mzee Chacha kwamba wote tumeona kwa macho yetu.

"Nimeona," alinijibu. "Lakini mimi sikumtaja Marwa. Amesomewa hapa mbele ya watu kwamba alikaa kimya, na maneno yale yalitoka ofisini kwenu. Aliyemtaja ndiye amfute, kwa mdomo wake, watu wakisikia. Kwetu ndivyo."

"Naweza kumfuta mimi. Nimetumwa na ofisi hiyo."

"Wewe ulimtaja?"

"Hapana."

"Basi utafutaje neno ambalo si lako?"

Mama Bhoke alidakia. "Hata kama sote tumesikia sanduku likiwakaribisha tembo?"

"Hata kama."

"Haya. Ninyi kaeni na taratibu zenu. Nyumba ya Marwa ikipiga yowe, mimi nitatoka, na mnajua nikitoka nasikika."

Marwa aliikunja fulana yenye nembo, akanikabidhi, akaniomba niirudishe ilikotoka. Niliipokea.

Ofisini niliambiwa taarifa ya kwanza haiwezi kubadilishwa, ila inaweza kuongezewa aya isemayo kwamba "zilijitokeza changamoto za kiufundi zisizoepukika". Vijana, jihadharini na neno changamoto. Likiingia katika sentensi, mtu hutoka. Memori haikujibadilisha yenyewe, hotuba haikujipanga mbele yenyewe, wala saini haikujiandika. Niliuliza ni lini Mkuu atakwenda kijijini. Nikajibiwa kwamba ataandika barua. Nilipoifikisha ahadi hiyo kwa Mzee Chacha, aliniuliza kama barua ina mdomo. Baadaye nikasikia kwamba Mkuu yuko tayari kwenda, ila kwa uzinduzi mpya, pamoja na mgeni rasmi, na kwamba ametoa agizo mtambo ujaribiwe kikamilifu asubuhi ya siku hiyo.

Nimekwishastaafu. Sina mtambo wa kutengeneza, nina neno la kufuatilia. Hadi leo, kwa mujibu wa taratibu za pale, Marwa akipatwa na hatari hakuna anayepaswa kutoka, isipokuwa mama mmoja mwenye ulezi ulioliwa ambaye ameamua kutofuata taratibu.

Kwa hiyo, kwa kuzingatia yote niliyoyaeleza hapo juu, namtaka Mkuu wa Kitengo cha Mitambo aufute kwa maandishi mstari unaomtaja Marwa kuwa mzembe. Namtaka aeleze ni nani aliyeruhusu memori iliyoidhinishwa ibadilishwe, na ni nani aliyeipokea mitambo ile kwa kuhesabu jaribio la pili na kulitupa la kwanza. Namtaka pia mkandarasi ajibu kwa jina lake. Kisha Mkuu afunge safari hadi kijijini, asimame mbele ya ritongo, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Marwa hakukaa kimya. Asitume mwakilishi, wala asije na mgeni rasmi. Na wasaidizi wake wasitangulie kumjaribishia kipaza sauti. Tunataka kusikia atakachokisema mara ya kwanza.